Roketi Kipsing Sawa, Lakini Bila Baruti

Kama wewe ni mmoja wa wale vijana wanaotazama video za roketi hadi saa nane usiku, najua swali linalokusumbua. Si kutengeneza. Bomba la plastiki liko, gundi iko, fundi wa kukukatia mapezi ya mabati yuko Kamukunji, na vihisi vya kupima presha ya hewa vinauzwa Luthuli Avenue. Swali ni utarushia wapi. Nairobi sahau. Kuna ndege za Wilson, kuna nyaya za stima, kuna mapaa ya watu. Hata kule Juja, ambako wanafunzi wa JKUAT wana mradi wao wa roketi unaoitwa Nakuja, nyumba za kukodisha zinamea kila uchao.

Kwa hivyo unafungua ramani kwa simu na kidole kinapanda kaskazini. Unapita Nanyuki, unapita mji wa Isiolo, unafuata barabara ya vumbi ya kwenda Oldonyiro, halafu unaona Kipsing. Tambarare, vilima kwa mbali, laga ya mchanga, migunga hapa na pale. Unajiambia, hapa ndipo. Hakuna mtu.

Hapo kwa "hakuna mtu" ndipo tutakosana kidogo leo.

Mimi sipingi roketi. Niliacha chuo mwaka wa pili baada ya karo kukataa kabisa, na mpaka leo naamini msee asiye na digrii anaweza kujifunza fizikia kwa mikono yake. Ninachopinga ni kitu kidogo, cha uzani wa gramu chache tu, kinachokaa karibu na pua ya roketi: baruti ya kufungulia parachuti. Hoja yangu ni moja. Roketi itakayoanguka kwenye malisho ya watu isiwe na baruti ndani. Njia zingine zipo, na kwa kijana wa kawaida wa Kenya ni rahisi kuzipata kuliko baruti yenyewe.

Baruti inafanya kazi gani huko juu?

Kwa wale ambao hawajawahi kushika roketi, wacha nieleze haraka. Injini ya roketi ya burudani huwaka kwa sekunde chache tu. Ikizimika, roketi huendelea kupaa kwa kasi iliyobaki mpaka ifike kileleni, pale inapokaribia kusimama kabla ya kugeuka. Wakati huo ndio parachuti inatakiwa kutoka. Isipotoka, kile chombo chako kizuri kinakuwa mkuki. Bomba la kilo tatu likishuka kutoka mita mia nane bila parachuti, hutaki kuwa chini yake.

Njia iliyozoeleka ya kuitoa parachuti ni hii. Kikopo kidogo kinatiwa baruti nyeusi pamoja na waya wa kuiwasha. Kompyuta ndogo ndani ya roketi inapima presha ya hewa, ambayo hupungua kadiri unavyopanda. Presha ikiacha kupungua na kuanza kuongezeka, kompyuta inajua tumefika kileleni. Inatuma umeme, baruti inawaka, gesi inajaa ghafla ndani ya bomba, pua inasukumwa nje na parachuti inafuata.

Inafanya kazi, nisikudanganye. Ni nyepesi, haina sehemu nyingi za kuharibika, na imetumika tangu mchezo huu uanze. Mwaka 1954, muuza viatu mmoja wa mji wa Norfolk, jimbo la Nebraska huko Marekani, jina lake Orville Carlisle, alitengeneza roketi ndogo iliyopaa kwa injini ya baruti na kurudi chini kwa parachuti. Mwaka 1957 alisoma makala ya mhandisi G. Harry Stine kuhusu vijana waliokuwa wakijiumiza kwa kujichanganyia fueli za roketi nyumbani, akamtumia sampuli zake. Kutokana na ujuano huo ndipo mchezo wa roketi za mfano ulipokua. Wazo lao lilikuwa kwamba kijana asiguse vilipuzi kwa mikono. Anunue injini iliyokwisha kufungwa kiwandani.

Unaona? Mchezo huu ulikua kwa sababu watu wawili waliuliza nani anaumia na tufanyeje asiumie. Mimi nauliza swali lilo hilo, ila nimelihamishia Isiolo.

"Kwani injini si moto pia?"

Najua utaniuliza hivyo, na swali ni zuri. Roketi imepanda kwa fueli inayowaka, sasa gramu mbili za baruti zinanikosesha usingizi kwa nini?

Kwa sababu injini hurudi ikiwa tupu. Ikiwaka, imewaka, na inayoanguka chini ni ganda la moto uliokwisha. Hata zile roketi ndogo za dukani, ambazo baruti ya parachuti iko ndani ya injini yenyewe, moto huifikia tu baada ya fueli kwisha. Tofauti inakuja kwenye roketi kubwa zaidi, zile zinazotumia kompyuta na vikopo vya baruti vilivyo kando. Hapo betri ikichomoka kwa mtikisiko, waya ukikatika ama kompyuta ikijizima, baruti haiwaki. Roketi inajikita ardhini kama mkuki, na baruti yake iko nzima.

Kuna jambo lingine. Warushaji makini huweka vikopo viwili, kimoja cha kazi na kimoja cha akiba, ili kimoja kikikataa kingine kifanye. Ni busara. Lakini maana yake ni kwamba una vitu viwili vinavyoweza kurudi chini bila kuwaka. Ndiyo maana kwenye vilabu vya nje, roketi ikianguka vibaya, si kila mtu anaruhusiwa kuikimbilia. Anakwenda anayejua kuzima saketi, wengine wanasubiri mbali.

Sasa hamisha picha hiyo Kipsing. Upepo umeibeba roketi yako kilomita mbili. Wewe na wenzako mnatembea na simu mkononi mkitafuta ishara ya GPS ambayo imekatika. Nani atafika kwanza? Si wewe. Atafika mtoto wa miaka tisa aliyekuwa na mbuzi karibu na laga, aliyeona kitu chekundu kikishuka kutoka mbinguni. Ataishika, ataitikisa, atavuta waya. Wewe ungekuwa na miaka tisa ungefanya nini?

Eneo hilo lina kumbukumbu

Kipsing iko katikati ya majina mawili ambayo watu wa huko wanayajua vizuri. Upande wa Laikipia kuna Dol Dol. Upande wa Samburu kuna Archer's Post. Kwa miaka mingi maeneo hayo yalitumika kwa mazoezi ya kijeshi, yakiwemo ya wanajeshi wa Uingereza, na mabomu ambayo hayakulipuka yalibaki kwenye nyasi. Wachungaji waliyaokota, na wengi wao walikuwa watoto. Kuna waliokufa, kuna waliopoteza mikono, kuna waliopofuka. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa Wamaasai na Wasamburu zaidi ya 200 waliofungua madai.

Sasa tusitie chumvi. Kikopo chako cha baruti si kombora la mizinga. Lakini gramu chache zilizobanwa ndani ya kikopo zinatosha kuharibu jicho ama kuondoa vidole. Tena kuna jambo kubwa kuliko jeraha. Wazazi wa huko wamewafundisha watoto kwa miaka kwamba kitu cha chuma ama cha plastiki usichokijua usikiguse. Wewe ukija na roketi za rangi rangi, ukigawa peremende na kuwaita watoto watazame, unalifuta somo hilo. Ukitaka kulifuta, basi hakikisha unachoangusha hakiwezi kumdhuru hata mmoja wao.

Halafu kuna sheria, na kuna kizuizi cha barabarani

Sheria ya Vilipuzi ya Kenya, Sura ya 115, iko wazi: hutengenezi, hununui, huhifadhi wala husafirishi vilipuzi bila leseni ama kibali. Baruti nyeusi ni kilipuzi. Haijali kama ni gramu tano na uliiweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

Waza safari yenyewe basi. Umetoka Nairobi alfajiri, mko wanne kwa gari la kukodi, mmebeba mabomba marefu, nyaya, betri na vikopo vya baruti. Mnaelekea eneo linalopakana na Samburu na Laikipia, kaunti ambazo Februari 2023 serikali iliziweka kwenye orodha ya zile sita zilizotangazwa kuwa na vurugu na hatari kwa sababu ya ujangili wa mifugo. Mnasimamishwa kizuizini. Askari anafungua buti. Haya, anza kumweleza kwamba hiyo ni ya kufungulia parachuti. Mimi sitaki kuwa kwenye hilo gari, na mama yako hataki uwe ndani yake.

Kuna watu wanaoweza kupata vibali hivyo, hasa vyuo vikuu na taasisi zenye barua rasmi na maabara. Poa, wafuate njia hiyo. Lakini hebu ona kinachotokea: baruti ikiwa ndiyo tiketi ya kuingia kwenye mchezo, mchezo unabaki wa wenye barua. Wa chuo cha ufundi anabaki nje, wa jua kali anabaki nje, kijana wa Kipsing mwenyewe anabaki mtazamaji. Ukiondoa baruti kwenye sehemu ya parachuti, angalau nusu ya kazi yote, yaani kuirudisha roketi salama, inaweza kufanywa na yeyote mwenye mikono na subira.

Njia ya kwanza: springi, raba na sevo

Sevo ni ile mota ndogo inayosogeza mabawa ya ndege za kuchezea. Ile ya kawaida kabisa ina uzani wa gramu tisa. Wazo ni rahisi. Unaibana springi chini ya parachuti, unaifunga kwa kilimi, na sevo ndiyo inayokivuta kilimi ukifika kileleni. Springi inajikunjua, pua inatoka, parachuti inafuata. Wengine hawasukumi pua kabisa. Wanaweka mlango ubavuni mwa roketi, wanaufunga kwa raba, na sevo ikiuachilia, mlango unaruka na parachuti inatupwa nje.

Uzuri wake mkubwa ni majaribio. Unaweza kuujaribu mfumo huu mara mia moja ukiwa umekaa chumbani kwako, bila moshi na bila jirani kupiga simu polisi. Mara ya kumi na saba ukagundua parachuti inakwama ukiikunja vibaya. Mara ya arubaini ukagundua betri ikipungua sevo inakosa nguvu. Kwa baruti, kila jaribio ni mlipuko mmoja na baruti imekwenda. Kwa hivyo watu hujaribu mara mbili tatu, halafu wanaomba Mungu.

Ubaya upo. Springi yenye nguvu ni nzito. Vumbi la Kipsing likiingia kwenye kilimi, kinaweza kugoma. Na bomba likiwa pana na parachuti imebanwa sana, springi ya kawaida haitoshi. Kwa roketi ndogo na za wastani inafaa sana; kwa zile kubwa unahitaji kitu kingine.

Njia ya pili: gesi baridi

Kitu hicho ni katriji ya kaboni dioksidi, ile chupa ndogo ya chuma inayotumiwa kujaza tairi za baiskeli ukipata pancha njiani. Zipo za gramu 8, 12 na 16. Ukiitoboa ile ya gramu 12, inatoa zaidi ya lita sita za gesi. Chukua bomba la roketi lenye upana wa sentimita 10 na nafasi ya parachuti ya urefu wa sentimita 40: hapo ndani ni kama lita tatu tu. Lita sita kwenye nafasi ya lita tatu, pua haina budi kutoka.

Tena ni gesi baridi. Parachuti haiungui, kamba haiyeyuki, huhitaji kitambaa maalum cha kuzuia moto. Na usidhani hii ni njia ya wasio na doo. Warushaji wakubwa wa ng'ambo wanaitumia kwa sababu baruti huanza kusumbua hewa ikiwa nyembamba sana. Ukipita takriban mita 6,000, baruti isiyobanwa vizuri hutawanyika kabla haijawaka yote. Gesi iliyo ndani ya chupa haina shida hiyo.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia kwa makini. La kwanza, baadhi ya mifumo ya dukani hutumia baruti kidogo kusukuma sindano inayotoboa katriji. Baruti imepungua, haijaondoka. Soma maelezo kabla hujanunua, utafute ule unaotoboa kwa springi.

La pili linahusu Kipsing yenyewe, yaani jua. Katriji ikiwa kwenye nyuzi 20, presha ndani yake ni karibu mara hamsini na saba ya presha ya hewa ya kawaida. Kaboni dioksidi ikipita nyuzi 31, haiwezi tena kukaa kama kimiminika, na joto likiendelea kupanda presha nayo inapanda haraka. Kule Isiolo nyuzi 31 ni mchana wa kawaida tu, na ndani ya gari lililofungwa ama bomba jeusi lililoachwa juani ni zaidi ya hapo. Kwa hivyo katriji zikae kivulini, kwenye kasha la kuhifadhi baridi, na ziingie kwenye roketi dakika za mwisho. Usiziache juu ya bodi ya pikapu mkienda kutafuta chai.

Na ikianguka bila kutobolewa? Anayeiokota ameokota chupa ya chuma yenye gesi. Si kitu cha kutupa motoni, na bado ni jukumu lako kuitafuta mpaka uipate. Lakini haiwashwi na cheche, na waya ukivutwa haimlipukii mtu usoni. Hiyo ni tofauti kubwa.

Njia ya tatu: anza na maji

Kama hujawahi kurusha chochote, anza hapa. Chupa ya soda ya lita mbili, maji theluthi moja, pampu ya baiskeli, na kifunguo kinachofyatuka ukivuta kamba. Hewa iliyobanwa inasukuma maji chini na chupa inapaa makumi ya mita. Hakuna moto popote. Parachuti yake hutolewa kwa mlango wa ubavuni na raba, na wapenzi wa mchezo huu hutumia hata kile kigurudumu cha saa kinachotolewa ndani ya vikaragosi vya kuzungushwa kwa ufunguo. Kigurudumu kinazunguka sekunde kadhaa, kinaachilia raba, basi. Tafuta kwa mitumba ya vitu vya watoto, utaona.

Bado tumia adabu. Chupa yenye hewa iliyobanwa ikipasuka usoni inaumiza, kwa hivyo simama mbali na vaa miwani. Na kule Kipsing kuna wakati akina mama wanachimba mchanga wa laga kupata maji. Usiende kumwaga maji ya kunywa mbele yao ukiita sayansi. Beba yako kutoka mjini, na hata yaliyotumika kuoshea vyombo yanarusha chupa vizuri tu.

Njia ambayo si njia

Utaambiwa pia kuhusu baruti mbadala, kama Pyrodex wanayoiuza Marekani kwa bunduki za kizamani, ama baruti isiyo na moshi. Hizo zinaweza kuwa na faida zake kwa nchi za wengine. Kwako hazibadilishi chochote. Nyingi zinahitaji kubanwa zaidi ndipo ziwake vizuri, kwa hivyo kikopo kinakuwa kigumu zaidi. Na chini, kwa yule mtoto, bado ni unga unaowaka kwa ghafla. Umemfukuza fisi ukamkaribisha binamu yake.

Bahari iko wapi?

Kuna watu watakwambia Kipsing inafaa kwa sababu iko karibu na ikweta, kama kule Malindi ambako Waitaliano walikuwa wakirusha roketi. Ni kweli kwamba Kenya si mgeni wa mambo haya. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, setilaiti ya kwanza ilirushwa Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa nyingine ya kuchunguza miale ya eksirei angani, ikaitwa Uhuru kwa sababu ilikuwa siku yetu ya Jamhuri. Lakini ikweta husaidia anayetaka kuzunguka dunia. Roketi yako ya kupanda kilomita moja na kurudi haipati faida yoyote ya maana hapo.

Somo la San Marco ni lingine kabisa. Roketi zile zilielekezwa mashariki, na mbele yake kulikuwa na Bahari ya Hindi tu. Vipande vilivyokatika vilianguka majini. Kipsing haina bahari. Ina ng'ombe, ngamia, manyatta, na watu. Tarehe 30 Desemba 2024 wakazi wa kijiji cha Mukuku, Makueni, waliona pete ya chuma ya karibu kilo 500 imetua kwao kutoka angani, na Shirika la Anga za Juu la Kenya likaeleza kuwa ni kipande cha roketi. Hakuna aliyeumia. Sisi sote tulikasirika, na tulikuwa na haki: ni nani hawa wanaoturushia vyuma? Sasa usiwe wewe, kwa kiwango chako kidogo, yule mtu anayewarushia wengine vyuma.

Nani umemwomba ruhusa?

Kipsing imezoea wageni wanaokuja na ramani. Mradi wa LAPSSET ulipozinduliwa mwaka 2012, ulikuja na ahadi ya jiji la kitalii pale Kipsing Gap, na ardhi ya maelfu ya ekari ikatajwa. Miaka imepita, jiji halijasimama, na wafugaji wamebaki na wasiwasi juu ya malisho yao. Mtu wa huko akikuona unapima tambarare na kifaa cha miguu mitatu, ana sababu ya kukuuliza umetumwa na nani.

Kwa hivyo kabla ya kufunga safari, ongea na chifu, ongea na wazee wanaosimamia malisho, ongea na polisi, na anga uliza KCAA. Tangu sheria ya ardhi ya jamii ya mwaka 2016, hakuna kisingizio cha kusema ardhi ya wafugaji haina mwenyewe. Sasa waza mazungumzo yenyewe. Mzee anakuuliza, "Kijana, hicho kitu kikianguka kwa mbuzi zangu, kina nini ndani?" Ukiwa na baruti, utaanza kuzungukazunguka. Ukiwa na springi, unafungua mlango pale pale, unambonyezea kitufe, parachuti inaruka, anacheka, na pengine anaomba ajaribu mwenyewe.

Na wale vijana wa Kipsing usiwaite watazamaji. Wanaijua kila laga na kila kichaka. Waajiri kwa siku hiyo kama timu ya kutafuta roketi, uwalipe, uwafundishe kuufungua mfumo na kuufunga. Mwaka ujao warushe wao, wewe uwe mgeni.

Sijasema uache injini. Injini yenye fueli ya kuwaka bado inahitaji watu wenye vibali na ujuzi, na kama ndiko unakotaka kufika, jiunge na timu yenye vibali hivyo, usijichanganyie vitu kwa sufuria ya mama. Ila hata ukifika huko, huna haja ya kuongeza kilipuzi cha pili ambacho kinaweza kurudi chini kikiwa kizima.

Kwa hivyo weekendi hii, badala ya kuuliza kwa vikundi vya WhatsApp nani anajua mahali pa kupata baruti, nenda ukanunue sevo moja na springi mbili. Ujaribu mara mia moja mezani. Na kabla hujauliza roketi yako itapanda mita ngapi, uliza nani ataiokota, na atakuta nini ndani.